Anayelia "hu" juu ya mkarafuu: maswali yenu kuhusu ndege wa Pemba

Toleo lililopita tulitaja kwa ufupi kwamba Pemba ina ndege wa aina nne wasioonekana pahala pengine popote duniani: bundi mdogo, ninga (wa jamii ya njiwa), chozi (kidege wa maua mwenye mdomo uliopinda) na kinengenenge (kidege cha manjano). Barua zilizofuata, karibu zote, zilimwulizia bundi. Tumezijibu hizo kwanza na kwa urefu. Wengine mtuwie radhi.

Assalaam aleikum. Nyuma ya nyumba yetu hapa Konde upo mkarafuu wa zamani. Kila siku baada ya Isha kuna ndege analia hapo, mlio mmoja mmoja kama mtu anayeguna. Mama mkwe wangu anasema ni bundi na analeta msiba, na vijana wameshaanza kumrushia mawe. Ni bundi kweli? Tumfanyeje? (Mama wa watoto watatu, Konde)

Wa aleikum salaam, dada. Kwa ulivyoueleza mlio wenyewe, huyo ni bundi mdogo wa Pemba, ambaye jina lake la kitaalamu ni *Otus pembaensis*. Mlio ndio kitambulisho chake: "hu" moja fupi, kimya, halafu nyengine. Mara nyengine hutoa nne hadi sita zilizofuatana, na baina ya moja na ya pili hupita nusu sekunde hadi sekunde nzima. Hapandishi sauti wala haitetemeshi. Mkisikia ukelele mkavu wa kukwaruza, kama kitambaa kinachochanwa, huyo ni bundi mwengine, yule mkubwa mwenye uso mweupe anayependa madari na majumba mabovu. Wawili hawa huchanganywa sana, na huyu mdogo hubebeshwa lawama za mwenzake.

Ukimmulika utashangaa udogo wake. Urefu ni kama sentimita 18, sawa na penseli ambayo haijachongwa. Macho ni ya manjano, na kichwani ana vishungi viwili vifupi ambavyo akivilaza huvioni. Wapo wenye rangi ya kutu mwili mzima, na wapo wa hudhurungi iliyopauka wenye michirizi hafifu. Rangi hizo hazitenganishi dume na jike. Ni ndege wa aina moja wenye sura mbili.

Chakula chake ni wadudu. Hukaa kimya kwenye tawi, akaruka kumkamata mdudu jani la pili, au akamshukia chini. Kama nje ya jiko lenu kuna taa inayowaka usiku kucha, mnamwandalia karamu bila kujua, maana nondo na panzi hujaa hapo. Basi ikiwa kelele zinamsumbua mtoto, dawa ni kuizima taa. Wadudu wakitawanyika, naye atasogea. Mawe hayasaidii: bundi aliyevunjika bawa hafi siku ile, hufa kwa njaa chini ya kichaka baada ya siku kadhaa, na kama ana makinda yanakufa pamoja naye.

Na kuhusu msiba, msomee mama mkwe kwa upole, maana hayuko peke yake katika imani hiyo. Katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra, iliyomo kwa Bukhari na kwa Muslim, Mtume (S.A.W.) ametaja mambo ambayo hayapo, na miongoni mwayo ni tiyara na hama. Tiyara ni kutafuta mikosi kwa kutazama ndege. Hama, wanazuoni wengine wameifasiri kuwa ni huyu huyu bundi, kwa vile Waarabu wa zamani walikuwa wakiamini kwamba akitua juu ya nyumba anatangaza kifo cha mwenyewe. Ndege analia kutangaza mpaka wake na kumwita mwenzake. Hana habari zetu.

Mimi ni mtu wa Bububu. Visiwa hivi ni ndugu, mvua moja, karafuu moja. Mbona ndege hao wawe Pemba tu na Unguja tusiwe nao? (Msomaji, Unguja)

Ndugu yetu, tazama kina cha bahari. Mkondo baina ya Unguja na Bara haufiki mita 100. Mkondo wa Pemba unateremka hadi kiasi cha mita 800. Miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda barafu huko kaskazini na kusini, bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa mita 120 au karibu yake. Wakati huo Unguja haikuwa kisiwa. Ilikuwa pwani ya Bara, na mnyama aliweza kutembea kwa miguu mpaka ilipo Bububu yako. Ndivyo chui alivyofika Unguja. Pemba hata bahari ilipokauka hivyo ilibaki imezungukwa na maji, na imekuwa hivyo kwa mamilioni ya miaka. Chui hakufika. Hata kima punju walioko msitu wa Ngezi walipelekwa na watu katika miaka ya 1970.

Ndege wachache walioruka au kupeperushwa wakafika Pemba walikaa peke yao, wakazaana wenyewe kwa wenyewe, mpaka wakawa aina yao. Si ndege pekee. Mpapindi, ule mti wa jamii ya minazi unaoota Ngezi, nao asili yake ya kukua wenyewe ni Pemba tu, na jamaa zake wa karibu wako Madagascar. Bundi wetu naye kwa muda alihesabiwa kuwa ni tawi la bundi mdogo wa Madagascar, kabla hajapewa haki yake.

Kwa wanaotaka miaka: chozi wa Pemba aliandikwa kitaalamu mwaka 1905 na Mjerumani Reichenow, kinengenenge mwaka 1924, bundi mwaka 1937, na ninga mwaka 1940. Wawili wa mwisho waliandikwa na Pakenham, ofisa wa serikali ya Kiingereza hapa visiwani. Wapemba walikuwa wanawajua kabla ya tarehe zote hizo.

Sisi ni klabu ya mazingira ya skuli moja ya Wete, wanafunzi 12. Tunataka kuwahesabu bundi wa shehia yetu. Mwalimu wetu amependekeza tupige sauti ya bundi kwa simu ili waitike. Ni njia nzuri? (Katibu wa klabu)

Kuhesabu ni kazi njema sana. Hiyo simu iacheni nyumbani.

Sababu ni mbili. Ya kwanza, bundi akisikia sauti ya mwenzake ndani ya mpaka wake hudhani amevamiwa. Huacha kuwinda, huacha kiota, huja kumtafuta adui asiyekuwepo, na mkirudia kila wiki mnaweza kumhamisha kabisa. Ya pili inaharibu hesabu yenyewe: bundi mmoja mwenye hasira atawafuata kutoka kituo hadi kituo, nanyi mtaandika bundi watatu. Masikio yanatosha.

Chagueni vituo vya kusikilizia juu ya njia iliyopo, kila kimoja mita 400 kutoka chengine. Vikiwa karibu zaidi ya hapo, bundi mmoja atasikika kwenye vituo viwili. Vituo vitano au sita kwa usiku mmoja vinatosha. Nendeni mchana mkavifunge kitambaa cheupe, kwani mti unaoutambua saa kumi jioni huutambui saa mbili usiku. Anzeni nusu saa baada ya Magharibi na mmalize kabla ya saa tatu. Mkifika kituoni, simameni kimya dakika mbili ili ndege wazoee, ndipo muanze kuhesabu dakika kumi kamili kwa saa. Asizungumze mtu. Anayesikia anyooshe mkono upande sauti ilikotoka, na mwandishi aandike.

Andikeni tarehe, saa, jina la kituo, hali ya upepo, idadi ya bundi waliosikika, na kwa kila bundi, upande aliokuwepo. Kwa upande hamhitaji dira ya kununua. Pemba na Makka ziko karibu juu ya mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kwa hivyo kibla ya Pemba ni kaskazini karibu kamili. Mihirabu ya msikiti wa kijijini ndiyo dira yenu: ukiielekea, mashariki iko mkono wa kulia. Kagueni mchana, mchore alama ya kaskazini chini kwa chokaa kwenye kila kituo.

Ugumu unaanza pale mnaposikia "hu" mbili na hamjui kama ni bundi wawili au mmoja aliyehama tawi. Wahesabuni wawili pale tu wanapolia kwa wakati mmoja au wanapojibizana. Njia bora zaidi ni kugawana: kundi moja likae kituoni, jengine mita 150 pembeni, saa zenu zikiwa sawa. Kila kundi liandike upande wa sauti. Siku ya pili chora mistari miwili kwenye ramani. Inapokatana ndipo alipokuwa bundi, na mti wake mtaupata.

Mambo yanayoharibu kazi hii yanajulikana. Kwanza upepo: makuti ya minazi yakiwa yanapiga kelele, ahirisheni. Miezi ya kusi ina usiku mwingi wa namna hiyo, chagueni uliotulia. Baada ya mvua vyura huwa wengi, na wako wanaotoa sauti moja moja inayomdanganya msikilizaji mgeni. Chura hulia kutoka chini, penye maji, na huendelea bila kuchoka. Bundi hulia kutoka juu na hunyamaza mara kwa mara. Komba nao hupiga kelele usiku, ila ukelele wao mkali huwezi kuuita "hu". Jenereta na muziki wa harusi, hapo hakuna la kufanya.

Rudieni vituo vile vile kwa siku tatu tofauti ndani ya wiki mbili, na mchukue idadi kubwa kuliko zote kwa kila kituo. Bundi ambaye hakulia leo hajaondoka. Mwakani fanyeni mwezi ule ule, vituo vile vile, saa zile zile. Hesabu ya mwaka mmoja ina faida ndogo. Ya miaka mitano mfululizo inaweza kumwambia sheha wenu jambo ambalo hakuna mwengine anayelijua.

Mtoe taarifa kwa sheha na kwa wenye mashamba kabla, hasa msimu wa karafuu. Watu waliokaa kimya gizani chini ya mikarafuu ya mtu hufikiriwa wezi, na mwenye shamba hana kosa akifikiri hivyo. Vaeni viatu vya mpira vya kufika magotini, na tochi ifungeni kitambaa chekundu chepesi. Mwanga mweupe humpumbaza bundi kwa muda, na nyinyi pia hupoteza uwezo wa kuona gizani.

Nina shamba la mikarafuu Mtambile, la urithi. Miti mitano imekufa imesimama, miwili ina mashimo makubwa. Nataka kuikata nipate kuni na nipande miche mipya. Mjomba wangu kasema niulize kwanza. (Mkulima)

Mshukuru mjomba. Swali hili lina uzito kuliko yote tuliyopokea, kwa sababu bundi wa Pemba haishi Ngezi tu. Ngezi ni msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki kisiwani, lakini ni kipande kidogo cha Pemba. Mikarafuu ilienea mno hapa hasa baada ya kimbunga cha 1872 kilichoiangusha mikarafuu ya Unguja, na msitu mwingi wa asili ulikwenda wakati huo. Ndege wakahamia kwenye mashamba yale yale, penye miti mirefu, mifenesi na miembe, kivuli na magugu chini. Shamba la urithi kama lako ndilo msitu wao wa pili. Kinachowashinda ni mahali peupe: konde ya muhogo iliyofyekwa hadi mwisho haina bundi.

Bundi wa jamaa hii hawajengi viota. Wanataga ndani ya tundu la mti, na hawana mdomo wa kulichimba. Hungoja tawi livunjike, moyo uoze, miaka ipite. Mche utakaoupanda leo utazaa karafuu miaka saba au minane ijayo. Tundu la kumtosha bundi litachukua muda mrefu zaidi ya hapo. Kwa hiyo kati ya miti yako mitano, ile miwili yenye mashimo iache isimame. Mitatu isiyo na tundu kata.

Ukiwa na hofu kwamba mmojawapo utaangukia njia au kibanda, usiukate chini. Punguza kichwa na matawi, uache gogo la mita nne likiwa na tundu lake. Uzito wa juu ukiondoka, upepo hauna cha kushika.

Kabla ya panga au msumeno kuugusa mti wowote mkongwe, fanya ukaguzi. Tazama chini ya tundu: vinyesi vyeupe kama chokaa iliyomwagika, na vidonge vikavu vidogo vya rangi ya majivu. Bundi hutapika kila asichoweza kusaga. Kivunje kidonge baina ya vidole viwili, kitasagika mara moja, na ndani utaona vipande vya mbawa za panzi na miguu ya wadudu inayong'aa. Kisha kaa mita ishirini mbali, jioni tatu, tangu jua kuzama mpaka giza liingie. Bundi mwenye kiota hutoka saa hizo. Ukimwona, ngoja miezi miwili: kuatamia huchukua wiki tatu na ushei, na makinda hukaa tunduni wiki tatu hadi nne nyengine. Usipande kuchungulia. Mzazi akishtuliwa akiwa juu ya mayai anaweza asirudi.

Miche mipya ipande katikati ya mikongwe, sio mahali pake. Mche wa mkarafuu unataka kivuli miaka ya mwanzo, na wengi hulazimika kuupandia migomba au mihogo ili kuupatia. Wewe kivuli unacho tayari. Magugu fyeka duara la mita moja kuzunguka kila mche, kwingine acha. Usichome moto. Gogo kavu lenye tundu hushika moto kama bomba la jiko na huungua kutoka ndani hata ukiwa umeuzima wa nje.

Ikiwa mti wenye tundu umeshakatwa, unaweza kutengeneza sanduku. Vipimo vya bundi wadogo wa jamaa hii ni hivi: mbao za unene wa sentimita 2, ndani upana 18 kwa 18, kimo 35, na mlango wa duara wa sentimita 7 uliokatwa sentimita 22 juu ya sakafu. Mbao za ndani zisipigwe randa, kinda apate pa kushika kucha akipanda. Toboa matundu manne madogo kwenye sakafu, mwaga ndani takataka za mbao kimo cha vidole vitatu, paa liwe na mteremko na litoke mbele kwa sentimita 5. Lifunge kwenye shina mita nne au tano juu, mlango ukielekea kaskazini, mvua za kusi zisiingie. Adui wa kwanza wa sanduku ni nyuki, ambao wataliona la kwao ndani ya mwezi mmoja. Paka dari ya ndani sabuni kavu ya mche, nyuki hawawezi kuning'iniza masega juu yake. Lakini tusidanganyane: sanduku ni badala, na hulika na mchwa. Mti ni bora.

Watoto wa mtaani kwetu Chake wanategea ndege kwa ulimbo wa mfenesi. Juzi wamenasa kidege cha manjano chenye duara jeupe machoni, mbawa zote zimeganda. Alikufa mkononi mwangu nikimwosha kwa mafuta ya taa. Nilikosea wapi? (Bibi, Chake Chake)

Pole, bibi, nia yako ilikuwa njema. Huyo alikuwa kinengenenge wa Pemba, *Zosterops vaughani*. Mafuta ya taa ndiyo yaliyomuua: huunguza ngozi, mvuke wake huingia mapafuni, na ndege wa ukubwa ule ana uzito wa sarafu chache tu.

Siku nyengine mnyunyizie kwanza unga wa ngano kwenye sehemu zenye ulimbo, usizidi kuganda. Toa manyoya moja moja kutoka kwenye kijiti, usimvute ndege. Kisha chovya pamba kwenye mafuta ya kupikia kidogo sana, sugua ulimbo kuelekea ncha ya nyoya mpaka uyeyuke, ufute. Mafuta nayo lazima yatoke, maana nyoya lenye mafuta halihifadhi joto: tumia tone la sabuni ya vyombo ndani ya maji ya uvuguvugu, suuza, kausha kwa kitambaa. Muweke ndani ya kisanduku cha karatasi chenye matundu, pahala penye joto na giza, nusu saa au saa nzima. Akianza kurukaruka ndani, mwachie siku hiyo hiyo pale aliponaswa, kundi lake liko karibu.

Na watoto, wapewe kazi kabla ya makaripio. Mwambie kila mmoja atafute kiota na akilinde mpaka makinda yaruke.

Chozi wa Pemba nitamjuaje? (Msomaji, Mkoani)

Dume ana kijani king'aacho kichwani na mgongoni, mkanda wa zambarau kifuani, na tumbo jeusi. Jike ni wa kijivu juu, chini amepauka. Mdomo mwembamba uliopinda. Tazama maua ya haibiskasi na mgomba asubuhi mapema.

Naweza kumfuga bundi huyu ndani ya kizimba? (Kijana, Wete)

Hapana. Anahitaji wadudu hai usiku mzima, na hakuna mtu anayeweza kumkamatia wa kutosha. Kisha wanyamapori na misitu ya Zanzibar vina ulinzi chini ya Sheria namba 10 ya mwaka 1996. Ukimkuta kinda chini, usimchukue nyumbani: mpandishe kwenye tawi la mti ule ule, juu kuliko anakofika paka, na uondoke. Wazazi wake watamsikia.

Nikija Pemba na familia, bundi tutamwona wapi kwa uhakika? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ngezi, kaskazini magharibi, kwenye barabara ya kutoka Konde kuelekea Ras Kigomasha. Fikeni mchana, mzungumze na walinzi wa msitu getini mpange matembezi ya usiku na mtembeza wageni wa pale pale. Watoto wavae suruali ndefu kwa ajili ya mbu, na mwambieni mtembeza wageni mapema kwamba hamtaki apige sauti ya simu. Mkisubiri kimya robo saa mtamsikia. Kumwona kunataka subira zaidi, kwa sababu hukaa karibu na shina, akinyoosha mwili kama kipande cha tawi lililovunjika.